Nukta Sita za Ingénieur Mahmoudi

Ukifika mtaa wa Mangobo ukauliza nyumba ya Mahmoudi, utaulizwa kwanza: Mahmoudi yupi? Wapo wengi, maana zile familia za Waislamu wa zamani, waliokuja na misafara ya biashara enzi za mababu, zinarithishana majina kama zinavyorithishana vyombo vya nyumbani. Lakini ukisema Mahmoudi Ingénieur, hata muuza ndizi za makemba aliyehamia jana atakunyoshea kidole: pale, penye mlango wa buluu, penye mashine ya fotokopi.

Uhandisi wenyewe hakuusomea hata siku moja. Alianza kama mpiga chapa, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi kwa taipu nzito iliyokosa herufi k. Baadaye ikaja fotokopi, baadaye kompyuta. Jina la Ingénieur alipewa na mama mmoja ambaye simu yake ilikuwa imekufa; Mahmoudi akaitoa betri, akaipuliza vumbi, akairudisha, simu ikawaka. "Eh, ingénieur!" mama yule akapiga kelele barabarani. Mahmoudi angeweza kusema, hapana mama, mimi mpiga chapa tu. Hakusema. Alitabasamu, akapokea jina kama mtu anayepokea koti la mtu mwingine na kukuta linamkaa vizuri.

Tangu siku hiyo neno moja lilitoka kinywani mwake likapotea kabisa, nalo ni "sijui". Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na jina la Ingénieur la kulinda. Mahmoudi alipokwama alikohoa, alikunja mikono ya shati, alisema "bon, tutaona," akamwambia mteja arudi kesho. Usiku alitafuta jibu kwenye simu yake. Mara nyingi alilipata. Ndiyo maana aliishi hivyo miaka kumi na minne bila kuumbuka.

Siku zake ziliharibikia kwenye barabara ya Banalia, ukivuka daraja la Tshopo na kuendelea kilomita ishirini na mbili. Hapo kuna zahanati ndogo ya wazazi inayoongozwa na mkunga, Mama Colette, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Kompyuta yao ilikula umeme wa jua na haikuwa na intaneti; hata simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya jiko. Kila mwezi waliandika ripoti ya watoto waliozaliwa, wakaipeleka mjini kuchapwa ikiwa ndani ya flashi. Flashi ilikwenda nzima, ikarudi na virusi. Mwishowe kila faili liligeuka kijishale, ukikibonyeza hakifungui kitu.

"Mama, dawa yake ni Linux," Mahmoudi alimwambia siku Mama Colette alipofika na kompyuta hiyo dukani, ameifunga ndani ya kitenge kama mtoto mgonjwa. "Virusi ya Windows inatafuta mulango mule, hapana kupata."

"Na kule kwetu internet hakuna. Itaweza?"

"Mama, uko naongea na nani?"

Kusema kweli, huo mfumo wa Linux, unaowekwa badala ya Windows, aliwahi kuuweka mara mbili tu, tena hapo hapo dukani, akiwa na mtandao, na simu ikimwelekeza hatua kwa hatua. Bila mtandao hakuwahi. Angeweza kuimalizia kazi dukani siku ile, lakini Mama Colette alitaka wafanyakazi wake waone na wajifunze, na Mahmoudi alipenda kutazamwa akifanya kazi. Wakakubaliana aende kule.

Akaenda na pikipiki, flashi mfukoni. Chumba cha ofisi kilikuwa kidogo, meza moja, dirisha moja, na karani mmoja, Viviane. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, wa kijiji hicho hicho, aliyekuwa ameshika kazi hiyo mwaka mzima. Ufunguo wa ofisi aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu. Mama yake aliuza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa majani, kando ya barabara, na kila aliyenunua kwanga alielezwa, atake asitake, kwamba binti yangu anafanya kazi kwenye mashine.

Linux ikaanza kuingia. Ikauliza lugha, Mahmoudi akachagua Kifaransa. Ikauliza jambo kuhusu kibodi. Yeye alikuwa anawaeleza Mama Colette na Viviane habari za virusi, akabonyeza "endelea" bila kusoma. Ikauliza jina la mwenye mashine.

"Papa, uandike jina yangu?" Viviane aliuliza kwa upole. "Miye njo nitatumika nayo kila siku."

Mahmoudi akacheka. "Mutoto wangu, machine ni ya chef. Utaandika jina yako kwa mulango ya nyumba ya wengine?"

Viviane naye akacheka kidogo, kwa heshima. Mahmoudi akaandika Colette. Likatokea vizuri, herufi saba, Colette.

Kisha neno la siri, mot de passe. Mama Colette alifikiri. Asubuhi hiyo alikuwa amezalisha mapacha, wote wazima, mama yao mzima, na furaha ilikuwa bado haijamtoka mwilini. "Andika mapasa," akasema. Mapasa ndiyo mapacha kwa Kilingala, na pande zile kila mtu analijua neno hilo. Mahmoudi akaandika mapasa. Kwenye kioo zikatokea nukta sita nyeusi. Akaandika mara ya pili, kama mashine ilivyotaka, nukta sita tena. Mashine ikaridhika.

Ikawaka vizuri, rangi safi. Kumbe toleo alilokuwa nalo Mahmoudi lilikuwa dogo, halina programu ya kuandikia. "Bon," akasema, "hiyo nitaleta kesho." Akarudi mjini, akaipakua, akaja nayo kesho yake. Alipoibonyeza, mashine ikaomba neno la siri, akaiandikia mapasa, ikakubali. Kisha ikasema programu hii inahitaji kifurushi kingine ambacho hakipo. Mahmoudi akakiandika jina kwenye karatasi, akarudi mjini. Siku ya tatu akaja nacho. Kumbe kifurushi hicho nacho kilikuwa na mwenzake, na mwenzake ana wenzake. Vilikuwa kama wageni wa harusi: umemwalika mmoja, anakuja na shangazi, na shangazi anakuja na watoto.

"Hizi tunaziita dépendances," Mahmoudi aliwaambia, akijipangusa vumbi la barabara usoni. Alilitamka neno hilo kwa uzito mkubwa, ingawa alilijua tangu jana yake usiku.

Safari ya nne akaja na vifurushi themanini na vitatu ndani ya flashi, vyote vilivyowezekana na visivyowezekana. Akavitia vyote kwa pamoja. Programu ikafunguka, ukurasa mweupe ukatokea. Akamwita Viviane akae aandike chochote. Viviane akabonyeza a, ikatoka q. Akabonyeza m, ikatoka nukta-mkato. Akainua macho kwa hofu.

"Papa, nimeharibu?"

"Hapana, hiyo ni jambo ndogo ya clavier. Machine inafikiri uko Mwingereza." Mahmoudi aliwahi kukutana na hilo. Kibodi za kwetu zimepangwa Kifaransa, na mashine ilikuwa imejiwekea mpangilio wa Kiingereza. Akafungua mipangilio, akachagua Kifaransa kwa mashine nzima, na a ikawa a. Wauguzi wawili waliochungulia mlangoni wakapiga makofi. Mama Colette akamfungia kuku jike wa madoadoa, mnono, kwenye pikipiki. Viviane akabaki ofisini peke yake mpaka jua linazama, akiandika orodha ya watoto mia moja na arobaini ili kesho ripoti iwe tayari. Kisha akazima mashine, akafunga mlango, akauvaa ufunguo wake.

Asubuhi Mama Colette alipanda kichuguu na kupiga simu. "Ingénieur, machine yako inatukatalia kuingia."

Ilikuwa Jumanne, siku ya kupima watoto uzito. Mahmoudi alipofika alikuta baraza imejaa wanawake, wengine wamekaa sakafuni, wengine dirishani kabisa, kwa sababu mashine isiyotaka kufunguka ni sinema. Akaketi. Akaandika mapasa. Mashine ikasema neno si sahihi. Akaandika tena polepole, kidole kimoja. Si sahihi. Akaandika kwa herufi kubwa. Akaizima, akaiwasha, akaandika. Jasho likaanza kumtoka mgongoni na shati likamganda.

"Eh, Ingénieur," sauti moja ikatoka dirishani, ya mzaha tu, haina ubaya, "leo machine imekushinda?"

Wanawake wakacheka. Hapo ndipo alipoharibu. Angetumia neno lile lililopotea, "sijui", Mama Colette angesema haya, tutafute, na mambo yangeishia hapo. Lakini kicheko kilimuingia Mahmoudi mbavuni, na ulimi wake ukakimbia mbele ya akili.

"Machine hapana kosa," akasema kwa sauti ya juu. "Mot de passe, mutu amebadilisha. Nani alibakia na machine jana?"

Kila mtu alijua ni nani. Macho yote yakaenda kwa Viviane, na kutoka usoni pake yakashuka mpaka kwenye uzi mwekundu.

"Papa, miye nilizima tu," Viviane akasema. "Na leo nimewasha, nimeandika mapasa, imekataa. Kwa haki ya Mungu."

"Basi mot de passe imejibadilisha yenyewe?"

Watu wakacheka tena, safari hii kwa manufaa yake. Mahmoudi akasikia nafuu, na nafuu ile ikawa tamu. Je, aliamini alichokisema? Nusu aliamini. Alikuwa ameandika mapasa kwa mkono wake, mashine ilikuwa imeikubali siku nne mfululizo, sasa inaikataa, nani mwingine? Nusu ya pili hakutaka kuitazama.

Mama Colette hakucheka. Alimtazama Viviane muda mrefu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha, kisha akanyosha mkono. "Kwanza nipatie ufunguo." Binti akauvua uzi shingoni. Ulinasa kwenye hereni, akahangaika nao, na hakuna aliyemsaidia. Akatoka kwa mlango wa nyuma kupitia jikoni, ili asipite barazani.

Mahmoudi akafuta kila kitu na kuiweka Linux upya. Orodha ya watoto mia moja na arobaini ikafutika pamoja na vingine. Safari hii kwenye swali la kibodi kidole chake kilichagua Kifaransa chenyewe, maana hakutaka tena usumbufu wa q. Jina, Colette. Neno la siri, mapasa. Akaizima na kuiwasha mara tatu mbele ya watu, na mara tatu mashine ikakubali. Watu wakatikisa vichwa: si mnaona? Viviane ameondoka, mashine imepona.

Miezi miwili ikapita. Habari za kule zilimfikia kupitia waendesha pikipiki. Walisema yule binti sasa anauza kwanga na mama yake, na kwamba watoto wa barabarani wamempa jina, wanamwita Mot de passe. "Mot de passe, nipe kwanga mbili!" Hata watu wazima walikuwa wameanza. Mama yake hasemi tena habari za mashine. Mahmoudi alisema "ah, pole," akaendelea kukata karatasi. Yule kuku wa madoadoa alikuwa amekwisha kuangua vifaranga sita chini ya benchi la duka.

Ndipo akaja Tonton Léopold, mjomba wa kila mtu. Huyu ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki wa kila misa, mwenye tumbo na kicheko vinavyotangulia kuingia mlangoni. Alikuwa amenunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, naye alitaka Linux kwa sababu alisikia haishikwi na virusi. Akavuta kiti, akakaa kutazama.

Mahmoudi alikuwa na haraka ya sala ya adhuhuri. Akabonyeza "endelea", "endelea". Mashine ikauliza jina, akaandika Léopold. Kwenye kioo likatokea: L2opold.

"Ha!" Tonton Léopold akapiga paja. "Ingénieur, umenipa numéro! Miye ni Léopold wa pili, wa kwanza iko wapi?"

Mahmoudi akacheka naye. "Ni clavier tu, tonton. Imebaki ya Kiingereza." Akanyosha kidole kurudi nyuma kurekebisha, na macho yake yakaangukia kisanduku kilichofuata, chini ya jina. Kisanduku cha neno la siri. Kisanduku kisichoonyesha herufi, kinachoonyesha nukta.

Akaacha kucheka.

Hakurudi nyuma. Alirudisha kidole kwenye kisanduku cha jina, akafuta L2opold, akaandika polepole: Colette. Likatokea Colette, safi kabisa, halina doa. Maana c, o, l, e, t hazihami. Kwenye kibodi ya Kifaransa na ya Kiingereza zinakaa mahali pamoja. Akafuta. Akaandika mapasa. Kwenye kioo ikatokea hivi: ;qpqsq.

Herufi sita. Nukta sita.

Kwa hiyo ile mara ya kwanza mashine ya Mama Colette haikulijua kabisa neno mapasa. Tangu siku ya kwanza ilimeza huo uchafu chini ya nukta, na kila alipoandika mapasa iliusoma uchafu ule ule na kukubali. Mpaka siku alipoibadilisha kibodi kuwa ya Kifaransa, akapigiwa makofi, akapewa kuku. Aliyebadilisha neno la siri alikuwa yeye, mbele ya mashahidi.

"Ingénieur, uko mugonjwa?" Tonton Léopold akauliza. "Uso yako imebadilika."

"Ni jua, tonton."

Hakwenda kusali adhuhuri. Alasiri alikwenda, akasimama safu ya nyuma, na alipoweka paji la uso chini alimwona yule binti akihangaika na uzi ulionasa kwenye hereni. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ya aina mbili, na ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza: ya kwanza ni kwamba alikosea, ya pili ni kwamba alifurahi watu walipocheka. Kukosea kila fundi hukosea. Lakini utamu ule wa siku ile, aliukumbuka vizuri mno.

Tena hakuna mtu aliyejua. Ushahidi aliufuta kwa mkono wake mwenyewe. Ilimtosha kunyamaza, na siku tatu alinyamaza. Hakula vizuri, aliwajibu wateja kwa ukali, akamfukuza yule kuku chini ya benchi kwa kumtupia kandambili. Mkewe Rachida, aliyekuwa anachambua majani ya pondu uani, akaiokota kandambili, akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Sefu, ile kuku imekukosea nini?"

Akamweleza yote, ameinamisha kichwa, akichora ardhini kwa kijiti. Rachida alisikiliza bila kuacha kuchambua. Alipomaliza, mkewe hakumpa pole, wala hakumgombeza.

"Na ile mutoto wa batu, hata leo wanamuita vile?"

"Hata leo."

"Basi uko unafanya nini hapa?"

Akaenda Jumatano. Angalia hapo: Jumatano, siku ambayo baraza la zahanati halina mtu. Alimkuta Mama Colette anahesabu kamba za kufungia vitovu, akamwomba waingie ndani, akamweleza kwa sauti ya chini: kibodi, nukta, kosa lilikuwa la mashine, yaani lilikuwa lake kidogo. Alikuwa amemrudishia kuku na vifaranga wake sita kwenye kikapu. Alitumaini Mama Colette ataita Viviane kimya kimya, atamrudishia ufunguo, na mambo yatakwisha hivyo, kistaarabu.

Mama Colette alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi, akaonekana mzee ghafla. "Nami nilimunyang'anya ufunguo," akasema. "Mwaka muzima hakuiba hata kalamu, nami nikakuamini weye kwa siku ine tu." Kisha akamgeukia. "Na weye, unakuja kunisemea ku sikio?"

"Mama, nilitaka..."

"Papa Mahmoudi, miye ni mukunga. Mumama akija hapa na haya, anabana miguu, nini namwambiaka? Mficha uchi hazai. Batu wengi banakuja hapa siku gani?"

"Mardi," Mahmoudi akasema; ndiyo Jumanne, siku ya mizani.

"Njo mardi utarudi. Na kuku zako ubebe."

Siku sita zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka wa njaa. Jumanne alikuja na kompyuta yake mwenyewe. Baraza lilikuwa limejaa, watoto wanalia kwenye mizani, na habari zilikuwa zimekwisha kusambaa kwamba kuna jambo, maana hata wasio na watoto walikuja kupima watoto. Viviane aliitwa kutoka barabarani. Alikuja na beseni la kwanga kichwani, akalitua chini karibu na mguu wa meza, akasimama pembeni, tayari kuondoka. Hakumwamkia Mahmoudi, naye hakuwa na uso wa kudai salamu.

"Ingénieur, tuko nasikiliza," mtu akasema.

"Mahmoudi," akajibu. "Muniite Mahmoudi tu. Ingénieur, sikusomea." Akakohoa, safari hii si kwa ujanja. "Miezi mbili ilipita, nilisema hapa, mbele yenu, kama mutu amebadilisha mot de passe. Na nilimutaja mutoto huyu. Nilisema bongo, uongo mutupu. Njo miye nilibadilisha. Sikujua. Na sikutaka mujue kama sijui."

Neno lile, baada ya miaka kumi na minne, lilitoka. Hakuna aliyelishangaa isipokuwa yeye.

Akaiweka kompyuta mezani, skrini ikiwaelekea watu, kibodi ameiacha ya Kiingereza. Akawaonyesha: akaandika Colette, likatokea Colette. Akaandika mapasa, ikatokea ;qpqsq. Mnong'ono ukapita barazani. Bibi mmoja asiyejua kusoma akaulizia, akaelezwa, akasema "eh, eh, eh," akageuka kumtazama Viviane, na wengine wote wakageuka.

Viviane hakulia. Alikuja mezani, akasogeza kiti cha Mahmoudi kwa nyonga, kama mtu anayerudi mahali pake.

"Niachie niandike," akasema.

Vidole vyake vilikuwa na unga wa muhogo. Akaandika jina lake, herufi moja moja. Kwenye kioo likatokea: Viviqne.

Akalitazama. Mahmoudi naye akalitazama. Kwa siku tisa alikuwa amejiandaa kwa kila lawama. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alikuwa amelisahau kabisa.

"Ile siku ya kwanza," Viviane akasema polepole, "nilikuomba uandike jina yangu."

"Ndiyo."

"Kama uliandika, ungeliona palepale."

"Ndiyo, mama," Mahmoudi akasema, na hakujua ni kwa nini amemwita mama, binti aliye rika la mwanawe wa mwisho. Hakuna aliyecheka.

Mama Colette alikuwa amesimama mlangoni, uzi mwekundu mkononi, ufunguo unaning'inia. Akaunyosha. Viviane aliutazama, asiuchukue bado. Alielekeza kidole chenye unga kwenye kioo.

"Papa, kwanza rekebisha hiyo jina."

Mahmoudi akainama. Akakosea mara mbili kuipata mipangilio, na baraza zima likamngoja. Akaiweka kibodi ya Kifaransa. Akafuta q, akaandika a. Viviane akalisoma jina lake lote, kimya, midomo ikitembea, ndipo akanyosha mkono na kuchukua ufunguo.